Bega la Mwinua Vyuma: Mazoezi au Kisu?

Katika miji yetu, toka Bunia hata Bukavu, utaona vijana wanaoinua vyuma. Wengi hawana fedha ya kununua vyombo vya kiwanda. Wanatwaa bomba la chuma, wanatia simenti katika makopo mawili, kopo moja kila upande, na simenti ikikauka kazi inaanza. Wengine wanatumia magurudumu ya mutuka uliokufa. Siwalaumu. Mwili unaofanya kazi unapata nguvu, na kijana aliyechoka kwa kuinua vyuma jioni hana hamu ya kutafuta ugomvi usiku.

Lakini mabega yanaumia. Na bega linapoanza kuuma, maneno yanakuwa mengi. Rafiki anasema, "Kapigwe sindano, kesho utainua tena." Mama mkubwa anasema, "Mpelekeni kwa fundi wa mifupa amvute mkono." Mjomba aliye mjini anapiga simu na kusema kwamba siku hizi bega la namna hiyo linapasuliwa tu, basi jamaa waanze kukusanya franka. Kijana anakaa katikati yao, mkono umetundikwa kwa kitambaa, hajui amsikie nani.

Mimi nina neno moja la kukuambia, nalo ni hili. Bega lililoanza kuuma polepole lipewe mazoezi kwanza, miezi mitatu kamili, kabla mtu hajataja kisu. Bega lililoumia ghafula, likalia kama kitu kinachopasuka, na nguvu zikapotea siku ile ile, lisingojeshwe miezi mitatu. Lionwe na munganga juma hili. Watu wengi wanafanya kinyume. Wenye bega la kwanza wanauza mbuzi ili wapasuliwe, na wenye bega la pili wanakaa nyumbani wakijipaka mafuta ya moto.

Sasa ufahamu kwanza bega lilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na mahali kinapokaa ni padogo na hapana shimo refu. Ni kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo sababu mkono wako unaweza kuzunguka pande zote, kupita kiungo chochote kingine cha mwili. Na ndiyo sababu bega linachomoka upesi. Kinachoshika chungwa lisianguke ni misuli minne midogo inayotoka kwenye mfupa mpana wa mgongoni. Kila msuli unaishia kwa kano. Unajua kano: ile kamba nyeupe, ngumu, unayoiona ukichinja mbuzi, inayofunga nyama kwenye mfupa. Juu ya kano hizi kuna paa la mfupa, na mbele ya paa hilo unafika mwisho wa mtulinga, yaani mfupa ule unaotoka chini ya shingo.

Mwinua vyuma anajenga kifua na mikono ya juu, maana hivyo vinaonekana katika kioo. Misuli minne midogo haionekani, basi anaisahau. Kifua kinakuwa na nguvu ya ng'ombe, na kamba zinazoshika bega zinabaki na nguvu ya mbuzi. Kila siku anaongeza simenti katika kopo. Mwisho kano inachoka. Inavimba kidogo, inauma mkono ukipanda kando, inauma usiku mtu akilalia upande ule. Hakuna siku moja anayoweza kuitaja na kusema, "Ni siku ile niliumia." Hili ndilo bega la polepole, na ndilo la wengi.

Zamani wanganga wa Ulaya na Marekani waliwaza hivi: kano inasuguliwa na lile paa la mfupa, basi tuchonge paa kidogo ili kano ipate nafasi. Walifanya kazi hiyo kwa watu wengi sana, kwa kuingiza darubini nyembamba katika bega. Wagonjwa walisema wamepata nafuu. Lakini wanganga wengine waliuliza swali la akili: je, nafuu imeletwa na kuchonga mfupa, au imeletwa na muda, na kupumzika, na mazoezi yaliyofuata?

Walilijaribu jambo hilo Uingereza, katika hospitali 32, na wagonjwa 313 waliokubali kugawanywa kama kwa kura. Kundi moja lilichongwa mfupa. Kundi la pili lilitiwa dawa ya usingizi na darubini ikaingizwa, lakini hakuna kilichochongwa. Na wenyewe hawakuambiwa wako katika kundi gani kati ya hayo mawili. Kundi la tatu halikupasuliwa. Habari zilipotangazwa katika mwaka 2018, waliochongwa na wale ambao hawakuchongwa chochote walikuwa sawasawa. Wote wawili waliwapita kidogo wale ambao hawakupasuliwa, lakini tofauti ilikuwa ndogo hata mgonjwa mwenyewe asingeona faida yake. Mwaka ule ule wanganga wa Finland walitangaza habari ya wagonjwa 210, waliofuatwa miaka miwili, nao waliona vilevile: kuchonga mfupa hakukupita kuingiza darubini bure. Mwaka 2019 kundi la wanganga na wagonjwa waliopima mambo haya pamoja waliandika katika gazeti la wanganga wa Uingereza kwamba kazi hiyo isifanywe kwa maumivu ya namna hii.

Fikiri jambo hilo, ndugu. Watu wenye hospitali kubwa, wenye fedha na vyombo vyote, wanasema kisu hicho hakina faida. Je, wewe uuze shamba ili ukipate?

Nisifiche neno. Wagonjwa wale wengi walikuwa watu wazima, si vijana wainua vyuma wa miaka ishirini. Lakini kijana ana sababu zaidi ya kungoja, maana kano yake bado ni nzuri na inapona upesi kuliko ya baba yake.

Kuna bega la polepole la namna nyingine, nalo ni la wainua vyuma hasa. Mtu hasemi bega lote linauma. Anaweka kidole kimoja juu kabisa, pale mtulinga unapokutana na paa la bega, na kusema, "Ni hapa." Ukimwambia avushe mkono kifuani na kushika bega la upande mwingine, anakunja uso. Maumivu yanamshika sana akilala chali juu ya benchi na kusukuma chuma toka kifuani. Katika mwaka 1982 munganga mmoja Mmarekani, Cahill, aliandika habari za wanaume 46 wa michezo wenye ugonjwa huu. 45 kati yao waliinua vyuma. Mwisho wa mtulinga unabanwa kila siku, unapata nyufa ndogo ndogo, na mwili unaula mfupa upesi kuliko unavyoujenga. Picha ya radio ikipigwa mapema inaweza kuonekana safi. Baadaye ncha ya mfupa inaonekana kama imetafunwa na panya.

Dawa yake ya kwanza ni ngumu kwa kijana, lakini haina bei: aache benchi. Si kuacha kila kitu. Aache kusukuma chuma akiwa amelala, aache kujiinua kati ya mbao mbili, kwa muda wa miezi. Miguu na mgongo aendelee navyo. Akirudi benchini, mikono isishike chuma kwa upana mwingi, tena chuma kisimame kabla ya kugusa kifua. Anaweza kuweka blanketi lililokunjwa kifuani liwe mpaka. Wengi wanapona hivyo. Kama miezi sita imepita, naye ametii kweli, na bado anaumwa, hapo kisu kina haki ya kutajwa. Munganga anakata kipande kidogo cha ncha ya mtulinga, kama upana wa kidole au pungufu, ili mifupa miwili isigusane tena. Kazi hiyo ilielezwa na wanganga wawili, Mumford na Gurd, kila mtu kwa upande wake, katika mwaka 1941, na mpaka leo inafanyika kwa matokeo mema. Unaona basi kwamba sichukii kisu. Nachukia kisu kinachokuja kabla ya zamu yake.

Sasa habari ya mazoezi yenyewe. Hapa watu wananidharau. Mtu ametembea kilometa ishirini kuja hospitalini, akitumaini sindano nyekundu au chupa ya kutundika, naye anapewa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la kinga na kuambiwa, "Vuta hivi mara kumi na tano." Anakasirika. Anasema hajatibiwa. Lakini mpira ule ni dawa kama kidonge, tena una kipimo chake kama kidonge. Ukimeza nusu ya kipimo usimlaumu aliyekupa.

Majuma mawili ya kwanza ni ya kutuliza. Acha chuma kinacholiumiza, lakini usifunge mkono kwa kitambaa mchana kutwa. Bega lisilosogezwa linakauka kama ngozi iliyoanikwa, na kulilegeza tena ni kazi ya miezi. Inama mbele, shika meza kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie, na uutikise polepole kama kamba ya kengele. Simama karibu na ukuta, kiwiko kimekunjwa na kubana ubavu, na usukume ukuta kwa mgongo wa kiganja bila mkono kusogea. Hesabu mpaka kumi, ulegeze. Vuta mifupa mipana ya mgongoni ikaribiane, kama mtu anayetaka kubana kalamu katikati yake.

Baada ya hapo mpira unaanza kazi. Funga upande mmoja kwenye nguzo ya nyumba, kwa urefu wa kiwiko chako. Kiwiko kibaki ubavuni. Ukitia kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na ubavu utajua mara moja kama kinakimbia. Vuta mpira kwenda nje, polepole, na uurudishe polepole zaidi. Kurudisha ndiko kunakojenga kano, nako ndiko watu wanakokuacha, wanauachia mpira upige ukuta kama manati. Fanya mara 10 hata 15, pumzika, rudia mpaka mara tatu. Kisha geuka, uvute kwenda ndani vilevile. Fanya siku tatu au nne kwa juma, na siku nyingine pumzisha mkono. Mpira ukiwa mwepesi, ukunje uwe mara mbili. Baadaye twaa chupa ya maji ya nusu lita, nayo ni nusu kilo, ulale kwa ubavu mzima na uiinue kwa kuzungusha mkono wa juu, kiwiko kikikaa pale pale. Kijana anayesukuma kilo 80 kifuani anacheka akiona chupa hiyo. Mwache acheke. Mara ya kumi na mbili mkono unatetemeka, na kicheko kimekwisha.

Je, kukiuma? Kuuma kidogo si kuharibika. Kama maumivu ni ya kuvumilika, na kesho asubuhi yameondoka, endelea. Kama kesho asubuhi bega linauma kuliko jana, ulizidisha. Punguza, lakini usiache. Kwenye juma la sita hivi watu wengi wanakata tamaa, maana maumivu yamepungua nusu tu. Nusu ni habari njema, ndugu. Katika juma la nane au la kumi anza kurudi kwa chuma chepesi, nusu ya kile ulichozoea au chini yake, na uongeze kidogo kila juma. Hesabu miezi mitatu toka siku ulipoanza kweli, si toka siku ulipopewa mpira.

Neno juu ya sindano. Ile ya kutuliza maumivu, ya matakoni, inaficha maumivu kwa siku moja mbili, na kijana anarudi chini ya chuma bila mlinzi. Ile nyingine, ya kotizoni ndani ya bega, munganga anaweza kuichoma mara moja kwa mtu asiyeweza kulala wala kufanya mazoezi. Inampa nafuu ya majuma, naye atumie majuma hayo kwa mpira. Lakini ikichomwa mara kwa mara inalegeza kano. Usiinunue dukani, wala usimpe mtu wa duka bega lako alichome.

Sasa nageukia bega la ghafula, maana hapa kungoja kunaharibu.

La kwanza ni kifua kilichokatika. Kijana amelala chini ya chuma kizito, anakishusha, na mara anasikia mlio kama kitambaa kinachopasuliwa. Chuma kinamwangukia. Kesho yake mkono wa juu na kwapa vimekuwa vyeusi kwa damu iliyovia, na ule mkunjo wa mbele ya kwapa, ambao mtu mwenye kifua anao, umepotea au umekuwa mwembamba kuliko wa upande wa pili. Kano ya msuli mkubwa wa kifua imeachana na mfupa. Hakuna zoezi linaloweza kurudisha kamba iliyokatika mahali pake. Mtu mzee asiyetaka kazi nzito anaweza kuishi hivyo, atakula, atavaa shati. Lakini kijana mwenye kazi ya mikono, kijana anayebeba mizigo sokoni au anayepasua mbao, atakosa nguvu ya kusukuma siku zake zote. Huyo ashonwe, tena ashonwe katika majuma ya kwanza, wakati kano bado iko karibu na haijajikunja na kushikamana na nyama nyingine. Akija baada ya mwaka, munganga mzuri bado anaweza kujaribu, lakini kazi ni ngumu mara mbili.

La pili ni kano ya ile misuli minne, iliyokatika kwa nguvu ya mara moja, kama chuma kikivuta mkono kuelekea nyuma ya kichwa, au mtu akianguka nacho. Alama yake ni hii: wewe mwenyewe huwezi kuinua mkono, lakini mtu mwingine akiuinua unakwenda juu vizuri. Kama hali ni hivyo juma moja au mawili baada ya kuumia, usitosheke na picha ya radio peke yake. Picha ya radio inaonyesha mfupa, haionyeshi kano. Uliza habari ya ekografi ya bega, na uonwe na munganga wa mifupa.

Hapa watu wanachanganya mambo, basi nisimame kidogo. Kuna kano iliyokatika kwa ajali, na kuna kano iliyochakaa hata ikatoboka polepole, kama kamba ya kisima. Ekografi inaziita zote mbili "imepasuka," na mgonjwa akisoma karatasi anaogopa. Lakini watu wengi waliopita miaka hamsini wana tundu la namna hiyo na hawaumwi hata kidogo. Marekani waliwafuata watu 452 wenye kano iliyotoboka kabisa bila ajali, wakawapa mazoezi. Katika habari zilizotangazwa mwaka 2013, baada ya miaka miwili, hata robo yao hawakuwa wamepasuliwa. Kwa upande mwingine, watu wa Norway waliwalinganisha wagonjwa 103, wengine walishonwa, wengine walipewa mazoezi. Baada ya miaka kumi wale walioshonwa walikuwa na hali bora, na tofauti ilikuwa imeongezeka. Kwa hiyo usiniambie kwamba mazoezi yanashinda sikuzote, wala kisu kinashinda sikuzote. Umri wako, kazi yako, na namna kano ilivyokatika, hayo ndiyo yanayoamua. Karatasi ya ekografi haina mikono. Haijui kama wewe ni fundi wa ujenzi au mwalimu wa shule.

La tatu ni bega lililochomoka. Bega limepoteza mviringo wake, liko kama pembe ya sanduku, na kijana anashika mkono wake kwa mkono mwingine hataki mtu amguse. Usimpeleke kwa anayevuta. Najua kwamba mafundi wa mifupa wengine wana mikono mizuri, na watu wanawasifu. Lakini mfupa unaweza kuwa umevunjika pia, na kuuvuta kwa nguvu kunaweza kukata mshipa wa damu au mshipa wa fahamu. Gusa ngozi ya nje ya bega, chini kidogo: kama kuna ganzi, mwambie munganga kabla hajalirudisha. Likisha kurudi mahali pake, ni mkono kutundikwa kwa majuma machache, kisha ule ule mpira wa kinga. Lakini kijana mwanamume aliyechomoka bega mara ya kwanza, katika miaka ya ishirini au kabla yake, ana hatari kubwa ya kuchomoka tena. Zaidi ya nusu yao wanarudi. Likichomoka mara ya pili na ya tatu, kila mara linakwangua ukingo wa kisahani, na chungwa linapata njia rahisi zaidi ya kuanguka. Huyo munganga wa mifupa amwone kwa habari ya kupasuliwa. Kazi ya kuhamisha kipande cha mfupa ili kiwe kizuizi mbele ya kisahani ilielezwa na Latarjet, Mfaransa, katika mwaka 1954. Haihitaji darubini, na munganga wa mifupa aliyefundishwa anaweza kuifanya katika chumba chema cha upasuaji.

Nataka sasa kusema na jamaa, wale wanaokusanya franka. Mnadhani mnanunua njia ya mkato. Hamnunui. Kano iliyoshonwa inahitaji majuma manne hata sita mkono umetundikwa, mtu halimi, hapandi kinga, hateki maji. Baada ya hapo anapewa, na mimi sitanii, kipande cha mpira, na kuambiwa avute mara kumi na tano. Mazoezi yale yale aliyoyakimbia yanamngoja mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Chuma kizito hatakigusa kabla ya miezi sita hivi. Tena kuna hatari ya dawa ya usingizi, na ya usaha, na ya bega kukauka, na ya kano iliyoshonwa kukatika tena. Hatari hizo ni chache mahali pasafi, lakini zipo, na hospitali nyingi za kwetu hazina ile darubini, basi munganga anafungua kwa kisu kipana. Aliyeshindwa kufanya mazoezi kabla ya kupasuliwa, ni nani aliyewaambia kwamba atayafanya baadaye?

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulizeni munganga bila aibu. Ni kitu gani hasa kilichoharibika, na anakijuaje? Nisipopasuliwa kwa miezi mitatu, kuna kitu kitakachopotea kisichorudi? Nani atanifundisha mazoezi baadaye, na anakaa wapi? Munganga mwema hakasiriki kwa maswali haya. Kama hapana mtu wa kine karibu, hapo kwanza pawe na mpango: mwuguzi wa dispansari afundishwe mbele ya mgonjwa, au mgonjwa akae kwa ndugu karibu na hospitali kwa mwezi wa kwanza. Fedha ya chakula na ya kulala itiwe katika hesabu toka mwanzo. Jamaa wengi wanalipa kisu chote na hawabakizi hata franka ya safari ya kurudi kuonwa.

Kuna maumivu ya bega ambayo si ya chuma wala hayahusiki na maneno haya yote. Kama bega limevimba na ni la moto, na mwili una homa, njoo leo leo. Kama umekonda, unakohoa, unatoka jasho usiku, na bega linauma hata likiwa limelala, usivute mpira wowote kabla hujapimwa.

Ukija kuonwa, vaa shati linalofunguka mbele, usivae la kupitisha kichwani, maana tutakuumiza tukilivua. Uje unajua siku lilipoanza, ulikuwa unafanya nini, chuma kilikuwa na kilo ngapi, na kama ulisikia mlio. Sema kweli juu ya sindano ulizochomwa na juu ya mtu aliyekuvuta, kama yuko, hapana atakayekugombeza. Na kama ulipigwa picha ya radio mahali pengine, uje nayo katika bahasha yake, usiikunje, ili usilipishwe nyingine bure.